Herufi Moja na Tarakimu Tatu

Katika sanduku la bati alilotuachia marehemu baba mna kadi ya chama, leseni ya uvuvi iliyokwisha muda wake, na karatasi moja ya hospitali ambayo kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiitazama bila kuisoma. Juu kulia limeandikwa jina lake, chini yake tarehe ya Agosti 2009, kisha neno moja refu la kitabibu kwa mwandiko wa haraka. Pembeni ya neno hilo, kwa kalamu nyingine na bila shaka kwa mkono wa mtu mwingine, imeandikwa hivi: K92.0.

Ndugu msomaji, mimi nina shahada ya uzamivu. Jirani zangu huku Nyegezi huniita "Daktari", na mara mbili nimegongewa mlango usiku na mzazi aliyebeba mtoto mwenye homa, nikalazimika kueleza kwa aibu kwamba udaktari wangu ni wa vitabu. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana namna dola inavyowahesabu watu wake: sensa, kodi, daftari la wapiga kura. Hata hivyo sikuwahi kujiuliza K92.0 ni kitu gani. Nilidhani ni namba ya jalada.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, ambaye anatunza kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja ya kanda hii. Alikuja kunisalimu Jumapili moja, tukafungua lile sanduku kutafuta hati ya kiwanja, naye akaiokota ile karatasi.

"Mjomba, hii si namba ya jalada. Huu ni msimbo wa ugonjwa. Maana yake kutapika damu."

"Kutapika damu najua, nilikuwepo. Kwa nini alitapika?"

"Hapo ndipo palipo na tatizo, Mjomba. Msimbo huu hausemi."

Nilikuwepo kweli. Baba alianza kutapika damu alfajiri, kijijini kwetu kando ya ziwa, wilayani Sengerema. Tulimbeba kwenye gari la kukodi mpaka Busisi, na kwa kuwa wakati huo daraja lilikuwa bado ni maneno ya kampeni, tulisubiri kivuko. Nakumbuka foleni ya malori na harufu ya dagaa. Nakumbuka pia kwamba alipofika Mwanza aliulizwa mara tatu, na watu watatu tofauti, kama anakunywa gongo. Hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Tumbo lake lilikuwa limevimba kwa miaka mingi, upande wa kushoto palikuwa pagumu kama ubao, na sisi watoto tulizoea kuliona hivyo, kama mtu anavyozoea kilema cha mzazi wake. Alifariki siku ya pili. Alikuwa na umri wa miaka 58, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni akivuta nyavu.

Siwezi kuapa kwamba najua kilichomuua. Hakupimwa choo, na vipimo vya kutazama ndani ya koo la chakula havikufanyika. Ila kila tabibu niliyemsimulia habari hii tangu siku ile ameniuliza swali moja kabla sijamaliza: alikuwa mvuvi?

Wenyeji wa hapa wanajua kichocho, lakini wengi wanajua kimoja tu, kile cha kukojoa damu. Hicho ni cha bara zaidi, cha Misungwi na Kwimba, cha malambo na majaruba ya mpunga. Huku ufukweni na visiwani, Ukerewe na kwingineko, kilichotawala ni kichocho cha tumbo, kinachotokana na mnyoo wa jamii nyingine na konokono wa jamii nyingine. Hiki hakitoi ishara ya wazi kama mkojo mwekundu. Mayai ya mnyoo hukwama katika ini, ini hujenga makovu kuzunguka mishipa, damu inayotoka tumboni hukosa njia, bandama huvimba, na mishipa ya koo la chakula hutanuka kama mpira wa baiskeli uliojazwa kupita kiasi. Siku moja hupasuka. Kati ya mtoto aliyeogelea ziwani na mtu mzima anayetapika damu inaweza kupita miaka ishirini au thelathini, na katika kipindi chote hicho mtu anaweza kuandikiwa dawa za vidonda vya tumbo, amiba na typhoid mara zisizohesabika.

Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ile inayofahamika kwa herufi ICD, toleo la kumi, vichocho hivi viwili vinatofautishwa: cha mkojo ni B65.0 na cha tumbo ni B65.1. Na kama kichocho kimefika kwenye ini na kupandisha shinikizo la damu katika mishipa yake, toleo hilo linaelekeza iandikwe misimbo miwili pamoja, B65 kwa chanzo na K77.0 kwa madhara. Yaani wenye orodha waliiona safari yote ya mvuvi, kutoka majini mpaka kitandani, wakaiwekea nafasi. K92.0 haina safari hiyo. Inataja dalili na kuishia hapo, kama mwandishi wa habari anayeripoti kwamba nyumba imeungua bila kuuliza moto ulianzia wapi.

Mpwa wangu hakuniruhusu kumlaumu aliyeandika. Mtunza kumbukumbu, alinieleza, haruhusiwi kubuni. Kazi yake ni kuugeuza uamuzi wa tabibu kuwa msimbo. Tabibu akiandika "ametapika damu" na kuondoka, yeye hana haki ya kuongeza kichocho kwa sababu tu jina la kijiji analijua. Anaweza kumfuata tabibu na kumuuliza. Lakini tabibu huyo ana wodi nzima, naye mtunza kumbukumbu ana rundo la majalada linalomfikia kidevuni. Kwa hiyo anaandika K92.0, na orodha inamwona kuwa amefanya kazi sahihi.

(Wenyewe kazini huita misimbo hii "kodi". Baba angesikia kwamba hospitalini wanamwandikia kodi, angerudi kijijini kwa miguu.)

Orodha yenyewe ina historia ndefu kuliko nchi yetu. Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha mwaka 1893, katika mkutano wa wanatakwimu huko Chicago, ikiwa orodha ya sababu za vifo. Shirika la Afya Duniani liliichukua mwaka 1948, toleo la sita, na hapo ndipo ilipoanza kubeba magonjwa na si vifo peke yake. Toleo la kumi liliidhinishwa mwaka 1990. La kumi na moja lilipitishwa Mei 2019, likaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, likiwa na misimbo takriban 17,000. Kipindupindu ni mgonjwa wa kwanza katika orodha zote mbili: kilikuwa A00, sasa ni 1A00. Sisi wa Mwanza, ambao kila tunapopata mvua kubwa tunasubiri tangazo la maji ya kuchemsha, hatuna haja ya kuambiwa kwa nini kinatangulia.

Mabadiliko mengine si ya sura tu. Kiharusi, kwa mfano, katika toleo la kumi kilikaa na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Katika toleo la kumi na moja kimehamia kwa magonjwa ya mfumo wa fahamu, kwa sababu kinachoharibika ni ubongo. Kitaalamu hoja hiyo ina mashiko. Lakini fikiria ofisa mipango wa halmashauri aliyeletewa jedwali la miaka kumi, nusu yake imeandikwa kwa toleo la zamani na nusu kwa jipya. Ataona magonjwa ya moyo yameshuka ghafla na ya mfumo wa fahamu yamepanda. Asipokuwepo mtu wa kumweleza kwamba waliohama ni misimbo na si wagonjwa, ataandika ripoti nzuri yenye uongo ndani yake, na hakuna atakayekuwa amedanganya. Nimesahihisha tasnifu za aina hiyo. Nina hofu kwamba nimewahi kuzipa alama A.

Waliotunga toleo jipya walifikiria hata mwandiko. Wameondoa herufi I na O ili zisichanganywe na moja na sifuri. Nilipomwambia mpwa wangu jambo hilo kama habari mpya alicheka sana. Yeye hujifunza toleo hilo mwenyewe, usiku, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na bando la kununua. Katika ofisi yao kitabu cha toleo la kumi ni kimoja, na gamba lake limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kabla ya kuambiwa. "Wakishaniambia, Mjomba, wataniambia Ijumaa waanze Jumatatu."

Na hiyo ni hospitali. Shuka kwenye zahanati ya kisiwani uone. Huko kinachotawala ni vitabu vya MTUHA. Kitabu namba 5 ndicho rejesta ya wagonjwa wa nje. Muuguzi anaandika jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa, kisha mwisho wa mwezi anahesabu vijistari kwa makundi ya umri, na hesabu hiyo ndiyo inayopanda hadi wilayani na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta wa taifa. Orodha ya magonjwa ya kujumlisha ni fupi, na mwisho wake pana mstari wa magonjwa mengine. Ninauheshimu mstari huo, kwani bila hiyo nafasi kazi isingekwisha. Lakini ndiyo nafasi pana kuliko zote katika utawala wa nchi hii. Wanawake wa mwambao huu wenye kichocho cha sehemu za uzazi, ambacho dalili zake hufanana na magonjwa ya zinaa, wengi wao hawapati hata bahati ya kuandikwa humo. Wanaandikwa zinaa, wanapewa dawa isiyowahusu, na wanarudi nyumbani na neno la kuelezea kwa mume.

Hapo ndipo ninaposema kwamba jambo hili ni la siasa, ingawa najua wapo watakaoona nimekosa la kuandika. Fedha hufuata hesabu. Wilaya isiyokuwa na kichocho kwenye karatasi haiwezi kuomba hadubini kwa ajili ya kichocho. Watoto wa shule hupimwa urefu kwa ile fimbo yenye alama na kumezeshwa prazikwanteli, na ni mpango mzuri, umesaidia wengi. Ila mvuvi wa miaka arobaini si mwanafunzi. Atahesabiwa wapi kama hahesabiwi hospitalini, na hospitalini ameandikwa dalili?

Tunajua pia, maana tumeyaishi, jinsi kukosekana kwa jina kunavyoweza kuwa sera. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilifungua misimbo miwili ya dharura kwa ajili ya UVIKO-19: U07.1 kwa mgonjwa aliyethibitishwa kwa kipimo, na U07.2 kwa asiyethibitishwa lakini anayeonekana kuwa nao. Nchi yetu ilitoa hesabu ya wagonjwa 509 kufikia mapema Mei mwaka huo, kisha ikanyamaza hadi mwaka uliofuata. Misimbo ilikuwepo, mikono ya kuiandika ndiyo iliyozuiwa. Mapema mwaka 2021 tulikuwa tukisoma matangazo ya misiba yenye maneno "changamoto ya upumuaji". Nami nilizika wenzangu kwa maneno hayo. Ukiitafutia changamoto ya upumuaji mahali pake katika toleo la kumi utaangukia R06, kundi la matatizo ya kupumua yasiyotajiwa chanzo. Ni ndugu yake K92.0 kabisa: yote mawili yanaeleza alichokiona aliyesimama kando ya kitanda, na yote mawili yanamwachia kila mtu uhuru wa kutafuta mkosaji wake.

Kwa upande wa bima mambo hubadilika kwa kasi zaidi, kwa kuwa huko msimbo ni pesa. Kila kipimo na kila upasuaji una namba na bei katika kitita cha mafao. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya tarehe 1 Machi 2024, umoja wa vituo binafsi ulitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wake, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikajifunza neno "kitita". Mjadala ulikuwa juu ya bei, na ilikuwa sawa uwe hivyo. Lakini sikumsikia mtu akimuuliza yule binti wa dirishani ambaye Alhamisi alijaza fomu kwa orodha moja na Ijumaa akatakiwa kujaza kwa orodha nyingine. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, fomu hizo zitakuwa mamilioni, na binti wa dirishani atakuwa yule yule.

Ningeomba mambo machache, wala si ya gharama kubwa. Mtunza kumbukumbu apewe cheo kinacholingana na uzito wa kazi yake na muda wa kusoma ulio ndani ya saa za kazi. Tabibu azoeshwe, tangu chuoni, kuandika chanzo na kuona aibu kuandika dalili pale ambapo chanzo kinaweza kujulikana. Na sisi wa vyuo vikuu, tunaojisifu kwa Kiswahili kila Julai 7, tutoe faharasa ya maana ya magonjwa haya kwa lugha ambayo mgonjwa anaweza kuisoma kwenye karatasi yake mwenyewe. Haiwezekani nchi iwe na wasomi wengi wa istilahi kiasi hiki na mjane apewe herufi na tarakimu.

Mjane ninayemsema ni mama yangu. Nimechelewa kulifikia jambo hili kwa sababu si rahisi kulisema.

Tulipomrudisha baba kijijini kuzikwa, watu waliuliza kilichomuua, kama watu wanavyouliza. Mimi, msomi wa familia, nikatoa ile karatasi. Nikasoma lile neno refu. Baba mdogo akaniuliza maana yake, nikasema ametapika damu. Akasema, "Hilo tuliliona wote. Tunauliza nani." Sikuwa na jibu. Mtu mwenye tumbo lililovimba miaka mingi, asiyekunywa pombe, anayetapika damu alfajiri bila homa: kwa wazee wa kwetu maelezo yalikuwa tayari. Kabla ya arobaini kupita jina lilishatajwa. Lilikuwa jina la bibi mmoja jirani, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, ambaye alitulea sisi sote kwa viazi vyake. Ye yote aliyekulia Usukumani anajua jina kama hilo likishatajwa nini huweza kufuata. Bibi huyo aliondoka usiku na mjukuu wake kwenda kwa ndugu zake upande wa Geita. Hatukumwona tena. Mama alilia zaidi kwa ajili yake kuliko alivyolia kaburini.

Sisemi kwamba B65.1 ingewanyamazisha. Baba mdogo si mtu wa kunyamazishwa na karatasi. Lakini ningekuwa na la kusema. Ningesema ni konokono, ni maji yale yale tunayoogea, na kwamba hata yeye anao.

Mwezi uliopita mdogo wangu, ambaye bado anavua dagaa, alinipigia simu kutoka zahanati. Tumbo lilikuwa limemsumbua kwa wiki kadhaa. Akaniambia wamemwandikia vidonda vya tumbo. Nikamuuliza kama wamepima choo. Hawakupima. Nikamwambia arudi ndani, aombe kwa adabu apimwe, aseme yeye ni mvuvi na baba yake alikuwa mvuvi. Alirudi. Muuguzi akamuuliza nani amemfundisha, akajibu kaka yangu ni daktari, na safari hii sikuona haja ya kumsahihisha. Wakampeleka kituo cha afya chenye hadubini. Mayai yalionekana. Akapimwa uzito, akapewa vidonge vinne na nusu, akaambiwa ale kwanza kwa maana vinatia kizunguzungu.

"Wameandika?" nikamuuliza.

"Wameandika kichocho. Nimechungulia." Kisha akauliza, "Na ile ya baba, wanaweza kuibadilisha?"

Nikamwambia mwaka 2009 umeshafungwa.

Usiku ule hapakuwa na mwezi, na dagaa huvuliwa gizani. Aliahidi kupumzika. Saa tatu nilipompigia tena, mkewe alipokea, akasema ameshaingia ziwani.